Mimi Niliyekuwa Nje

Nyamwaga, Alhamisi. Mvua inanyesha tangu asubuhi, migomba imelala upande, na moyo wangu umelala upande uleule.

Leo siandiki kwa furaha. Mkikuta maneno makali, mjue chanzo ni Marwa, mtu wa rika langu.

Kwa mgeni wa ukurasa huu, mimi ni Mwita, mzee wa hapa, darasa la nne la mkoloni, ambalo ni sawa na chuo kikuu chenu cha sasa. Naandika kwa kidole gumba kimoja na sijaomba msaada wa mtu. Nchi hii ilipopata uhuru nilikuwa kijana ambaye akisimama mlangoni watu wanageuka kutazama mara ya pili. Nikaajiriwa Dar es Salaam, wizara ya mambo ya nje. Kazi yangu ilikuwa bendera. Mgeni akija kutoka nchi yoyote chini ya jua, mimi ndiye niliyepandisha ya kwake na ya kwetu. Zingine zilikuja zimekunjwa asubuhi ileile, hakuna mtu hata mmoja pale aliyewahi kuziona, lazima ujue upande wa juu ni upi. Mimi nilijua.

Marwa naye alikuwa hukohuko. Tulitahiriwa pamoja, tukapanda basi moja, tukaajiriwa pamoja. Yeye alikuwa ndani, anapeleka chai kwenye mikutano.

Chai!

Sasa Jumatatu mkuu wa shule ya sekondari, mama mmoja wa kutoka Tanga mwenye Kiswahili kinachoteleza kama samli, alisimamisha bodaboda mlangoni kwangu. Nilijua amenijia mimi. Niliingia haraka nikavaa koti.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mama, karibu ndani."

"Ahsante babu, sikai. Eti kwa Mzee Marwa ni njia hii au ile? Tunataka aje azungumze na kidato cha tatu. Wanajifunza kazi ya wizara ya mambo ya nje katika nchi iliyopata uhuru juzijuzi."

Nilimwonyesha njia. Ile ndefu, yenye tope.

Nisijidanganye, wivu huu haukuzaliwa Jumatatu. Una wajukuu.

Mara ya kwanza tuliporudi likizo, mama yangu alikuwa amekwisha kulitangazia soko zima: "Mwanangu yuko Mambo ya Nje!" Watu wa hapa wakati ule Kiswahili walikijua cha kununulia chumvi tu. Wakaelewa walivyoelewa. Mtoto wa fulani yuko Dar, anakaa nje. Labda anafagia uwanja, labda anafunga mbwa. Na Marwa je? Ah, Marwa yuko ndani.

Palikuwa na binti anaitwa Bhoke. Mimi ndiye niliyemwona kwanza. Nasema kwanza! Nilikwenda kwao na wazee wangu, tukaketi, baba yake akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia, kisha akauliza swali moja tu: "Huyu ndiye wa ndani au wa nje?"

Mjomba wangu, Mungu amrehemu, akajibu kwa fahari kubwa, "Huyu ndiye wa Nje kabisa!"

Ng'ombe walioingia zizini kwa yule mzee walikuwa wa Marwa.

Nilioa mke mwema, tukazaa, nikamzika kwa heshima, sina lalamiko juu yake. Lakini kila Bhoke anapopita hapa na kikapu chake kwenda sokoni nalisikia lile swali. Wa ndani au wa nje? Sasa mtu wa chai anaitwa kufundisha kazi ya wizara, na mimi niliyeshika kamba ya taifa naulizwa njia ya kwenda kwake.

Kwa hiyo leo nimekwenda shuleni. Sikualikwa, nimekwenda. Nimekaa benchi la nyuma la bwalo na koti langu, wanafunzi wamejaa mpaka madirishani. Bhoke kakaa mbele kwenye kiti chenye mgongo, kitenge kipya. Nia yangu ilikuwa moja: nisubiri Marwa adanganye, nisimame, nimkate palepale.

Hakudanganya. Alianza kwa kuchekesha watoto, kazi anayoiweza. Halafu binti mmoja akanyoosha mkono. "Babu, nchi haikuwa na barabara, haikuwa na dawa za kutosha. Wizara ya mambo ya nje ilikuwa ya nini?"

Nikafurahi. Nikasema moyoni, hapo kakwama.

Marwa akakohoa kidogo. "Tuseme wewe ni kijana wa kiume, umeoa. Baba yako amekukatia sehemu ya shamba, umejenga mji wako, boma lako mwenyewe. Kitu cha kwanza ni nini?"

"Zizi!" wakapiga kelele. "Choo!"

"Hapana. Unakwenda kwa majirani, kwa miguu yako mwenyewe, unawaambia: mimi sasa nina mji wangu. Ng'ombe wangu akila mahindi yako njoo kwangu, usiende kwa baba. Ukiwa na neno jema, njoo kwangu pia. Usipokwenda kusema hivyo, watu watapita mlangoni kwako kila siku wakienda kuyamaliza mambo yako kwa baba yako. Sisi tulikuwa tumetoka tu kwenye mji wa Mwingereza. Wizara ile ndiyo miguu tuliyotembelea kwa majirani."

Wanafunzi wakainamia madaftari kuandika, hata waliokuwa madirishani.

Watu watapita mlangoni kwako. Aliyapata wapi maneno hayo? Aliniona Jumatatu?

Hilo jibu nilikuwa nalo. Sawa, sikuwa nalo. Lakini lingenijia.

Kumbe alikuwa hajamaliza. Akanyoosha fimbo yake mpaka kwangu. "Yule mzee aliyejificha kule nyuma na koti la harusi, mnamwona? Mura, kijana wewe, simama wakuone!"

Sikusimama. Sehemu ni magoti, sehemu kubwa ni ukaidi.

"Hataki. Ndivyo alivyo, hata tohara alibishana na kisu. Sikilizeni. Mimi nimewanywesha chai wageni wa dunia nzima na sijui hata mmoja alikuja kusema nini. Nikiingia walikuwa wananyamaza. Nilijua sukari zao tu. Yule sasa! Mgeni akishuka kwenye gari, kabla hajamwona waziri, anamwona Mwita. Bendera mbili zinapanda, ya taifa kubwa la zamani na ya kwetu ya juzi, zinakwenda sawasawa, hakuna inayotangulia hata kwa upana wa kidole. Hapo mgeni anajua amefika kwenye mji wenye mwenyewe. Aliyefanya kazi ya wizara ni yule."

Wakapiga makofi. Wamegeuka wote, bwalo zima, kunitazama.

Na Bhoke akageuka. Akanitazama kama mtu anayekadiria ng'ombe aliyemkosa mnadani. "Kumbe nje ndiko kulikokuwa na kazi," akasema. "Baba angeuliza vizuri."

Marwa akacheka kuliko wote. "Umechelewa, mama! Ng'ombe walishaliwa!"

Ningepaswa kurudi nyumbani nikiimba. Maneno niliyoyangoja maisha yangu yote yamesemwa mbele ya watu, na Bhoke kayasikia kwa masikio yake. Lakini yametoka kinywani mwa Marwa. Angedanganya, ningemshinda. Angejisifu, ningemshinda, maana kujisifu ni kazi ninayoijua. Sasa nimshinde kwa nini?

Hata kwa ukarimu kanitangulia.

Mkuu wa shule alinifuata mlangoni, akaniomba nije na mimi siku nyingine. Nikamwambia nina shughuli nyingi. Sina.

Nimerudi nimekaa hapa, naangalia mvua, nafikiria milingoti. Sheria ya milingoti ni hii: bendera za nchi mbili zinakaa kimo kimoja. Ukiacha moja ikazidi, hata kama ni kwa bahati mbaya, umetukana mtu. Sasa Marwa leo amenisifu na mimi sijasema kitu. Maana yake ni kwamba ya kwake iko juu kule inapepea, ya kwangu iko chini yake.

Hilo sikubali.

Kesho, mvua ikatike isikatike, nakwenda kwake. Kwa njia ile fupi. Nitakaa, nitaomba chai, nitaisifu mbele ya Bhoke mpaka tulingane kimo. Tukishalingana naacha hapohapo. Neno moja la ziada hapati.