Mapigo ya Mama Mkwe

Jumanne, 7 Julai

Shikamoo Mama,

Natumaini barua hii itakukuta unapumua vizuri kuliko jana. Mimi ni mzima. Kikohozi sina, na ladha ya chumvi bado naipata. Naijaribu kila asubuhi kwa ncha ya ulimi.

Jana gari la wagonjwa lilipokuchukua nililifuata kwa pikipiki mpaka hospitali. Mlinzi akanizuia getini, akasema wodi ya korona haingii ndugu yeyote. Nikamwambia mimi ni mkwe wako. Akasema, "Hata ungekuwa mkwe wa waziri." Nikarudi nyumbani.

Kwenye simu ulisema maneno matatu ukaishiwa pumzi, ndiyo maana naandika. Kuna muuguzi amekubali kukuletea barua pamoja na nguo. Ukijibu, ataipiga picha karatasi yako anitumie, maana karatasi ikishaingia humo haitoki.

Nimekuwekea sweta la kijani, miwani, penseli mbili, na mkate niliouoka mwenyewe zamu ya asubuhi. Mwanao alipiga simu kutoka mgodini. Barabara zimefungwa, hakuna anayeruhusiwa kutoka kambini. Analia kama mtoto, ila hataki ujue, kwa hiyo usimwambie.

Miaka mitano tunakaa nyumba moja, Mama, na sidhani kama tumewahi kuongea zaidi ya funguo ziko wapi na maji yamekatika. Sasa sijui nianzie wapi. Nimeanzia na mkate.

Mkweo

*

Jumatano, 8 Julai

Mkwe wangu,

Marahaba. Sweta limefika, na wewe pia umefika kwenye karatasi yako. Unajua nilisahihisha kurasa kiwanda cha uchapaji kwa miaka thelathini, kwa hiyo siwezi kusoma bila penseli. Ule mkato uliouweka kwenye habari ya chumvi umekaa mahali pake. Nilishangaa.

Hali yangu ni ya kati. Nimevishwa kinyago cha oksijeni kinachonifanya nionekane rubani. Wodi ina vitanda sita, mimi ni wa nne, karibu na dirisha. Madaktari na wauguzi wamejifunika kuanzia unywele mpaka kidole cha mguu, huwezi kumjua mtu kwa uso. Tunawajua kwa sauti. Huyu anayetuletea barua tunamwita Sauti, maana anapoingia anasema "Wazuri wangu, mmeamkaje?" na hata wasioweza kuamka hujitahidi.

Jirani yangu wa kitanda cha tano anauza vitunguu sokoni. Anakoroma mchana na kunishauri akiamka.

Daktari ameniuliza kama kuna dawa nilikuwa natumia nyumbani, au ugonjwa wowote wa zamani. Nimemwambia sina, sijameza kitu. Basi usiwe na wasiwasi.

Mkate sikupata harufu yake, lakini nilijua ni laini. Asante.

Mama wa mumeo

*

Ijumaa, 10 Julai

Shikamoo Mama,

Sijui kama utaisoma leo. Naandika nikiwa nimekaa kwenye jiwe nje ya geti, karatasi iko juu ya goti.

Leo asubuhi Sauti alinipigia nikiwa kazini, mikono yote unga. Akasema moyo wako umeanza kwenda mbio, halafu unaruka mapigo, halafu unakimbia tena. Akasema ugonjwa huu wakati mwingine hauishii kwenye mapafu, unaingilia mpaka mdundo wa moyo, hasa kwa aliyelazwa. Kisha daktari akachukua simu. Akaniuliza, "Una uhakika mama hakutumia dawa yoyote kabla ya kuja?"

Nikamwomba anipe muda, Mama. Kwa sababu wiki iliyopita nilikuona ukitoka duka la dawa na kifuko umekificha kwenye kwapa.

Niliomba ruhusa kazini nikaenda nyumbani, nikaingia chumbani kwako. Sijawahi kukanyaga humo bila kuitwa. Nilinyanyua godoro. Nikakuta karatasi mbili tupu za vidonge, aina mbili, vile ambavyo kila mtu mtaani alikuwa anasema vinazuia korona. Chini yake nikakuta kadi ya kliniki ya moyo. Ya miaka mitatu iliyopita. Imeandikwa mapigo hayako sawa, arudi baada ya mwezi mmoja. Hukurudi, na hukumwambia yeyote.

Nilikaa kitandani kwako nikajiuliza kama hii siri ni yangu kuitoa. Nilijua ungeudhika. Halafu nikatia vyote kwenye mfuko wa mkate nikavileta getini.

Daktari alitoka mwenyewe. Tulisimama mbali, kama hatua nne, akaiinua kadi kwenye mwanga. Akanieleza kwamba vile vidonge viwili vikikutana mwilini vinaweza kuvuruga umeme wa moyo, na kwa moyo ambao tayari una shida, hatari inakuwa kubwa zaidi. Akasema mojawapo ya dawa hizo ilikuwa tayari kwenye orodha yako, aanze kukupa leo jioni. Akaikata pale pale kwa kalamu.

Nisamehe kwa kuingia. Kwa kuitoa siri sikuombi msamaha.

Mkweo

*

Jumatatu, 13 Julai

Shikamoo Mama,

Siku ya tatu sijapata picha ya karatasi yako. Sauti anasema umehamishwa kitanda, uko mbele ya meza ya wauguzi, umefungwa nyaya kifuani na mashine inachora moyo wako muda wote. Nilimuuliza inachora vipi. Akasema, "Bado haijaamua."

Mwanao nimemweleza yote, na kadi pia. Akasema, "Asante kwa kunyanyua lile godoro." Basi nikakaa na hayo maneno kutwa nzima.

Kazini wanauliza habari zako. Msimamizi wetu, yule mkali ambaye huwa hatuachi hata tukae, ameniwekea kiti karibu na tanuri. Simu ikilia ananipa taulo nifute mikono kabla sijaipokea.

Nakuombea.

Mkweo

*

Alhamisi, 16 Julai

Mama,

Shikamoo. Sina habari ya kukuandikia. Nimeandika ili leo pia ipite na barua.

Mkweo

*

Jumatatu, 20 Julai

Mkwe wangu,

Marahaba zote, za siku zote ulizoniamkia nisijibu. Mwandiko huu ni wa Sauti. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkatia sentensi mbili tayari. Anacheka ndani ya barakoa.

Nitakueleza ilivyokuwa, maana una haki. Jumamosi ile, asubuhi, moyo ulinigeuka. Ulikuwa kama kuku aliyetiwa kwenye gunia, unapapatika huku na huku, na kila nikivuta pumzi haifiki. Nilimsikia jirani yangu wa vitunguu akipiga kelele, "Huyu mama anaondoka, njooni!" Baada ya hapo sikumbuki. Sauti anasema nilizimia, mapigo yakawa hayana maana tena, wakanipiga umeme kifuani mara moja na dawa ikapita mshipani. Moyo ukasimama kidogo, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, halafu ukaanza tena.

Juzi daktari alivuta kiti akakaa. Akaniambia, "Mama, ule mfuko wa mkate ulifika saa nane mchana. Dozi yako ilikuwa saa kumi na mbili. Kama tungekuongezea ile dawa, sijui kama tungekurudisha." Nilimwomba arudie. Akarudia.

Sasa nikuambie ukweli mwingine. Niliposikia umeingia chumbani kwangu nilikasirika. Mashine ikaanza kulia, na Sauti akaniambia, "Mama, kasirika polepole." Nilikasirika polepole siku nzima, nikafika mwisho wa hasira nikakuta hakuna kitu pale.

Ile kadi niliificha kwa sababu baba wa mumeo alikufa kwa moyo. Mumeo aliacha chuo akae naye, miaka miwili, na hakurudi tena darasani. Nikasema mimi sitamfanyia hivyo. Na wewe nilikuogopa. Niliogopa siku moja utaninyang'anya ufagio na kuniambia, kaa, Mama, pumzika. Nikajifanya mzima mpaka nikajimezesha vidonge vya kunizika.

Nashukuru. Neno lenyewe ni dogo na nimelitafutia kubwa zaidi bila kulipata. Nashukuru kwa kuingia, na kwa kutoomba msamaha wa kutoa. Nashukuru kwa ile barua ya mistari miwili. Sauti alinisomea mara tano, siku ambayo sikuweza kufungua macho, na nilikuwa naisikia.

Jirani wa vitunguu alifariki juzi, mapafu yalimshinda. Ndiye aliyeita watu siku ile. Nikitoka nataka twende pamoja kwa wanawe tukawaambie mama yao alifanya nini.

Mama yako

*

Jumanne, 21 Julai

Shikamoo Mama,

Nimeisoma kazini. Nimeunguza mkate trei nzima na hakuna aliyenisema.

Ufagio sitakunyang'anya. Dawa nitakukumbusha, na ukinuna utanuna. Kwa wanawe tutakwenda.

Mwanao ameruhusiwa, anafika mwezi ujao. Nimemwambia asije na uso wa msiba.

Binti yako

*

Jumamosi, 8 Agosti

Binti yangu,

Barua hii haina safari ndefu. Inatoka chumbani kwangu mpaka jikoni. Nimeipitisha chini ya mlango kwa sababu daktari aliyeniruhusu kurudi nyumbani alisema nikae peke yangu mpaka kesho, na nimechoka kuongea na wewe kwa kupaza sauti.

Nimelala vizuri. Dawa ya moyo nimekunywa, na ile ya kuzuia damu isigande pia, kabla hujauliza. Ninakusikia unavyoimba ukikanda unga, na unapotea ubeti wa pili kila mara.

Kesho njoo ukae kando yangu. Daktari anataka mtu wa nyumbani ajifunze kuhesabu mapigo yangu kila asubuhi na kuyaandika. Unaweka vidole viwili hapa kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, unatazama saa. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili kama watu wenye haraka. Moyo wangu siku hizi unaweza kuwa mtiifu nusu ya kwanza na kufanya vituko ya pili. Ni dakika nzima.

Daktari alisema mumeo atafaa, kwa kuwa ndiye mwanangu. Nikamwambia huyo vidole vyake ni vya kushika nyundo, na akinigusa tu ataanza kulia ahesabu vibaya. Nikasema atakayehesabu yuko, anaoka mikate, ana subira na kitu kinachoumuka taratibu.

Kwa hiyo kesho, ukishanawa. Tutakaa kimya dakika moja, wewe ukihesabu.

Mama yako