Sahani Nne za Mama wa Kijana

Nyumba ya Cherehani,
Mkabala na kiwanda cha sabuni.
Jumatatu, 15 Juni.

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Barua iliyopita ulisema umekubana tangu ulipoinua lile sufuria kubwa la bweni la mabaharia peke yako, na tangu siku hiyo sijaacha kukuombea. Usijitie ujana. Sisi huku hatujambo. Goti langu la kukanyagia cherehani linalalamika asubuhi, kisha likishapata moto linanyamaza lenyewe. Binti yangu ni mzima na anakuamkia mjomba wake.

Najua hukufungua barua hii kwa ajili ya goti. Unataka kujua wakwe walikujaje, na kama nimekubali binti aolewe huko mbali au nimekataa. Nitakwambia, ila acha kwanza nikugombeze.

Ile karatasi yako ya maagizo niliisoma mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Uliniandikia kwa mkono wako, wewe uliyepika kwenye meli miaka ishirini na mbili na kulisha watu wa kila taifa, kwamba nchi ya huyu kijana ina mambo mawili makubwa mezani. La kwanza, mwenyeji hafungui mdomo mpaka mgeni aanze kuongea. La pili, mgeni akimaliza chakula chote maana yake bado ana njaa, aongezwe; akibakiza kidogo ndiyo ameshiba. Nikasema, nimpe nini kaka yangu, ametuvusha.

Kumbe ulikuwa unatuzamisha.

Walifika Jumamosi mchana, baba na mama. Baba ni dereva wa treni mstaafu, mrefu, mpole, mtu ambaye mikono yake haijui pa kukaa. Mama ni mwokaji mikate. Mikono yake ina makovu ya moto mpaka kwenye kiwiko, kama yako. Mtoto wao, yule fundi wa lifti, ndiye angetutafsiria. Tumekaa tu, wali unafuka moshi, simu yake ikalia: lifti imekwama kwenye jengo la ofisi na watu sita wamo ndani. Akatoka mbio na mkoba wake wa spana. Tukabaki wanne mezani, na karatasi yako mfukoni mwangu.

Nikufungulie moyo wangu. Nilikuwa nimejiapiza kwamba mama huyu akikidharau chakula changu, ndoa hakuna. Siyo kiburi, kaka. Mtoto ninaye huyu mmoja, na unamjua tangu utotoni alivyo na haya. Anaweza kushinda na njaa kwenye nyumba ya watu na asiseme neno. Nitamwachiaje meza nisiyoijua?

Basi nikanyamaza kama ulivyoagiza. Binti alitaka kusema maneno mawili matatu aliyofundishwa na mchumba wake, nikamkanyaga mguu. Wageni nao kimya. Wanatutazama, tunawatazama, vijiko tu ndivyo vinavyoongea. Mama akamaliza sahani yake, nikamwongeza. Akanitupia jicho, akamaliza na hiyo, nikamwongeza tena. Mzee alipomaliza ya pili alifunika sahani kwa mikono yote miwili akainamisha kichwa, nami nikadhani anaomba dua.

Mama hakurudi nyuma. Sahani ya nne aliila taratibu, jasho linamtiririka shingoni, na mimi hapo nimeshaanza kununa. Watu gani hawa, hata neno moja la kukisifu chakula hawana, halafu wanakula kama waliotoka kifungoni. Nikasema kimoyomoyo: binti yangu haendi popote.

Mara kitu kikagonga kioo cha kabati la vyombo. Kilikuwa kifungo cha sketi ya yule mama, kimeruka kutoka kiunoni. Alijishika sketi kwa mikono miwili, uso umemwiva kwa aibu.

Sasa mimi ni fundi, kuna mambo sihitaji kutafsiriwa. Nilimshika mkono nikampeleka chumba cha cherehani, nikampa shuka ajifunge. Nikafumua mshono wa kiuno, nikatoa kitambaa cha akiba chote kilichokuwemo, nikashona upya na kumwekea kifungo kikubwa zaidi. Alikaa kwenye kigoda akitazama ninavyokanyaga. Halafu akajaza mashavu upepo, akaonyesha tumbo, akalegeza shingo na kufumba macho kama mtu aliyekata roho. Nikacheka mpaka uzi ukakatika. Naye akaanza kucheka, tukashikana mabega, mzee na binti wakaja kuchungulia mlangoni kujua nani amerukwa na akili.

Kijana aliporudi, shati limejaa grisi, ndipo tukaelewana. Kwao mgeni ndiye asiyefungua mdomo mpaka mwenyeji atamke neno la kumkaribisha. Walikuwa wanahesabu dakika wakijua tumechukia na hatuwataki. Na kwao kubakiza chakula ni kumwambia mpishi kwamba amepika kitu kisicholika. Yule mama alikuwa anaipigania ndoa ya mwanawe kijiko kwa kijiko. Hayo uliyoniandikia, kijana anasema, ni ya nchi nyingine kabisa, mbele yao siku mbili kwa meli. Ulichanganya bandari, kaka yangu, na tumbo la mtu likalipa.

Baada ya chai mama alitoa kijidaftari anachoandikia vipimo vya unga, akamwambia mwanawe aniulize maswali. Nikakaa vizuri, nikijua nitaulizwa kama binti anaweza kupika. Swali lake lilikuwa hili: "Akiwa na njaa lakini anaona haya kusema, nitamjuaje?"

Nikanywa maji kwanza. Nikamwambia, akiwa na njaa anaanza kupanga vijiko ambavyo tayari vimepangwa. Akishiba anasogeza kiti nyuma kidogo. Na asilazimishwe kula asubuhi, tumbo lake huamka saa nne. Binti akaficha uso kwa kitambaa cha meza. Mama aliandika yote, kisha akataka mwanawe amsomee tena, asije akawa ameruka kitu.

Hapo ndipo nilipokubali, kaka. Sikungoja hata ushauri wako, na baada ya karatasi ile sidhani kama una la kunilalamikia. Harusi ni mwezi wa tisa.

Msalimie binamu yetu fundi rangi, mwambie koti lake nimelimaliza, aniletee mwili wa kulivaa. Msalimie pia msaidizi wako wa jikoni, yule unayemwita Pilipili. Shangazi anakusalimu na anauliza kama bado unakoroma. Mungu akukinge na moto na mvuke, akunyooshe mgongo, na kila unachokipika akubarikie mkono.

Nimebakiza moja. Mama yule alipokuwa anataka kufunga daftari, alinitazama, akasema jambo kwa sauti ya chini. Kijana akasita kulitafsiri. Nikamwambia sema tu.

"Anauliza, binti akishaondoka, wewe utakula na nani?"

Tangu nifiwe na mume wangu hakuna mtu aliyeniuliza hivyo, na mimi mwenyewe nilikuwa nakwepa kujiuliza. Nilitazama viti vyangu vya mezani. Nikamjibu kwamba nina kaka, na anarudi nyumbani.

Akaliandika na hilo. Miaka minane unaniandikia "mwakani". Sasa limo kwenye daftari la wakwe, usinifanye mwongo.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukungoja,

Fundi