Bakuli la Kuonja

Nyumbani kwa Mama,
Jumapili asubuhi

Mpendwa mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na watoto, na kwamba kile kikohozi ulichokitaja kimeshaondoka. Sisi huku hatujambo. Mama anaendelea vizuri. Macho yanamsumbua jioni, lakini sauti iko palepale. Bado anabishana na redio kana kwamba inamsikia.

Najua unangoja habari za kaka yetu Kijiti. Jina hilo alilipata utotoni alipokuwa mwembamba, na wapishi wenzake pale kantini ya kiwanda wanamwita hivyo hadi leo huku wakilitazama tumbo lake. Goti lake la kulia limekwisha. Daktari wa mifupa alimwambia mbele yangu kwamba hatampasua mpaka uzito upungue, na asipopasuliwa, kazi ya kusimama aisahau. Nawe unajua hana kazi nyingine aliyowahi kuifanya wala anayoitaka.

Ile dawa ya unga ya kupunguza mwili uliyotuma ilifika. Hakuitumia. Ulipompigia ukamwambia afunge mdomo, alikata simu, na naona tangu siku ile hamjaongea. Sikulaumu. Sisi wengine tulikuwa tukiyasema hayohayo, ila kwa sauti ya chini.

Hospitali ilimpeleka kwa mtaalamu wa lishe, binti mmoja mpole ambaye ungemdhania mwanafunzi. Niliongozana na kaka na shemeji yako. Binti akamuuliza jana alikula nini.

"Asubuhi chai. Jioni chai na mkate."

"Na mchana?"

"Mchana napika."

"Sijauliza unafanya nini, baba. Nimeuliza unakula nini."

"Ndiyo nakwambia. Sili. Napika."

Shemeji yako akaingilia. "Huyu hali kitu, mwanangu. Mimi ndiye ninayemwona. Hata huo mkate wa jioni namlazimisha." Na alikuwa akisema alichokiona. Ndiyo maana siku zote tumekuwa tukisema ni mwili wa marehemu baba, kwamba ukoo wetu hata maji yanatunenepesha.

Binti hakubishana naye. Alimwambia kaka kwamba akirudi kazini, kila anapoonja chakula achote kiasi kilekile akiweke kwenye bakuli pembeni. Asipunguze chochote, aonje kama siku zote. Kijiti alicheka njia nzima. Alisema binti wa watu hajui jiko la watu wengi.

Nilimwomba ruhusa nikaenda kumtazama. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, karibu na mlango wa stoo. Kaka haonji kwa kijiko, anaonja kwa upawa. Anaonja maharage kujua kama yameiva, anaonja tena chumvi ikishaingia, anaonja tena kwa sababu ameyapita. Kipande cha nyama kujua kama imelainika. Ukoko wa wali kwa sababu anaupenda, ingawa hilo hakulisema. Na kila mara anachota kiasi kilekile, anakitia bakulini.

Bakuli lilijaa kabla kengele ya chakula haijalia. Akaongeza sufuria ndogo. Mpishi mwenzake, mama mmoja wanayemwita Komandoo, akaja akasimama pale, mikono kiunoni.

"Umemwekea nani hiki?"

"Sijamwekea mtu."

"Basi huyo asiye mtu anakula vizuri."

Jiko zima lilicheka. Kijiti hakucheka. Alivifunika vyote viwili kwa sinia, akanijia pale mlangoni. "Haya yote nimeyala nimesimama," akasema. "Halafu narudi nyumbani naapa sijala." Naamini hakuwa akitudanganya. Kwake yeye kula ni kukaa mbele ya sahani. Yaliyobaki ni kazi.

Nawe ungetarajia mambo yanyooke kuanzia hapo. Yalipinda. Alikasirika na nafsi yake, akaamua haonji tena kitu chochote. Wali ukatoka hauna chumvi, kesho yake mchuzi ukawa chumvi tupu. Mafundi wa kiwandani wakaanza kuuliza dirishani kama kantini imehamia wodini. Jioni alifika nyumbani anatetemeka kwa njaa, akala mkate mzima. Shemeji yako, kwa huruma, akamwekea na chai ya maziwa yenye sukari ya kusimamisha kijiko.

Aliporudi kliniki alikwenda kama mtu aendaye kuchapwa. Binti akamwambia hakumkataza kuonja. Alitaka tu ajue kwamba kuonja nako ni kula. Wakapanga pamoja. Sasa anaonja kwa kijiko cha chai, chakula kikishakaribia kuiva. Chumvi ya maharage amemwachia Komandoo, na hilo ndilo lililomuuma kuliko njaa. "Ulimi wake ni mzito," aliniambia. Komandoo naye anasema wa kaka umechoka. Na mchana anapakua sahani moja, anavuta kiti, anakaa na kula kama wateja wake. Anasema hakujua kwamba tumbo huwa linasema limetosha. Zamani lilikuwa halipati nafasi ya kusema.

Shemeji yako amepunguza sukari bila kumtangazia. Kaka amekwishagundua, anajifanya hajui.

Mwili unapungua polepole. Ukimwona leo hutastuka, ila suruali anazikunja kiunoni na ngazi za kantini anazipanda bila kumshika mtu. Juzi tulirudi kwa daktari wa mifupa. Alimpima, akasema bado kidogo, lakini akienda hivi atampasua mwezi ujao, na jina lake ameshaliingiza kwenye zamu. Kijiti aliitikia tu. Tulipofika nje akaegemea ukuta, akaniuliza kama wewe unajua.

Nikamwambia nitakuandikia. Akasema, "Mwandikie. Asije akadhani nimekufa na hasira zangu."

Hiyo kwa Kijiti ni kubembeleza, nawe unamjua. Kwa hiyo mpigie. Kilo usimuulize, muulize goti. Na piga mchana, wapishi wakishamaliza kugawa. Zamani saa ile usingempata. Siku hizi ndipo anapokaa kula, na kwenye simu ataongea nawe mpaka sahani ipoe.

Mama anakusalimu na anauliza picha za watoto. Shemeji yako na wanawe wanakusalimu pia. Nisalimie wifi, mwambie kitambaa alichotuma kimemkaa Mama vizuri. Mungu awatunze huko mliko, na awape riziki yenye amani.

Ni mimi dada yako, ambaye siku haipiti bila kukuwaza.