Rangi ya Vidole vya Mama Severa

Mwaka umetimia, Mama yetu Severa, tangu Jumanne ile uliyotutoka. Watu wanatuuliza tunaendeleaje. Tunajibu salama.

Duka la kuku na samaki wa friza hapa Kariakoo bado tunalifungua saa moja asubuhi. Miaka kumi na tisa uliingiza mikono kwenye friza zile, vidole vikawa vyeupe kama chaki na kufa ganzi, huku nje watu wanatokwa jasho. Jirani yetu Ubeid alikutania, "Mama Nice, Bongo na joto lote hili, baridi unaitoa wapi?" Ukamjibu, "Si ndiyo ninayoiuza, jirani." Nasi tulikusugua vidole mpaka rangi ikarudi, ukaendelea kupima kuku.

Hospitali walipotafuta watu wa utafiti wa vidole vinavyokufa ganzi kwa baridi ulijitolea, hukutuuliza. Dakta Zulekha alikwambia utumbukize mikono kwenye beseni la maji baridi, kisha akakutoa damu kupima asidi ya laktiki, ile inayozidi pale damu isipofika vizuri. Ulimpelekea na kuku wawili. Shida yako ilikuwa moja tu: binti yako Nice naye alishaanza kupata weupe kwenye ncha za vidole, ukataka wajue sababu mapema. Ulikwenda mara tatu. Ilibaki ya nne.

Jumanne hiyo ulikaa chini ghafla kando ya friza. Mikono ilikuwa myeupe, ya baridi. Tukafanya tulichozoea, tukaisugua. Nice akasema, "Subirini, vitarudi tu." Karibu nusu saa ilipita ndipo tukaita gari. Daktari alisema ni moyo. Hakutulaumu. Tunajilaumu wenyewe, Mama, na hata kulia tulishindwa.

Dakta Zulekha alituletea majibu yako. Asidi ilipanda mikono ikiwa kwenye baridi, ikachelewa kushuka. Alisema kwa mtu mmoja hayo hayatoshi, wanahitaji wengine.

Wiki iliyopita Nice alikwenda. Tulimsindikiza wote. Alitumbukiza mikono kwenye beseni, vidole vikawa vyeupe. Dakta akatukataza kumgusa. Tukasimama tu, tunavitazama. Rangi ilipoanza kurudi, Baba alitoka nje akalia. Ilikuwa mara yake ya kwanza tangu tukuzike.

Unakumbukwa na mumeo Kasmir, wanao Nice, Elibariki na Brightness, mdogo wako Athanas, na jirani yako Ubeid, ambaye siku hizi hatanii mtu.

Kila tutakapofungua friza, Mama, tutakukumbuka.