Mkono wa Mwalimu Arbia

Sahara, uko? Mwalimu Arbia wetu amevunjwa mkono. Darasani, wallahi, mbele ya watoto wa chekechea.

Ni baba wa kambo wa Nimo, yule msichana wa miaka minne. Kila Nimo akija na alama za kuumia mwilini, nyumbani wanasema ameanguka. Arbia naye anaandika kwa daftari: ameanguka.

Leo ndiyo mara ya kwanza Arbia kuketi hapo darasani na Salah, nesi wa zahanati, na Godana, afisa wa watoto aliyetoka Garissa. Salah akasema, "Mimi nilimwona na majeraha ya moto mgongoni. Nikadhani amechomwa kama dawa, vile wazee wetu hutibu homa."

Godana akauliza polepole, "Kuanguka na kuchomwa, mtoto mmoja, mwezi mmoja?"

Kila mtu alikuwa na kipande chake, Sahara. Mwezi mzima.

Hapo huyo mwanamume akaingia na fimbo ya ngamia. Hata salamu hakutoa. "Mtoto wangu anawahusu nini?"

Nimo akakimbilia nyuma ya meza. Arbia akamlalia kumkinga. Fimbo ya kwanza ikampasua kichwa. Ya pili mkono, na mkono ukalia kama kuni kavu. Ya tatu Godana akaidaka, wakabiringishana, Salah akamkalia huyo mtu hadi polisi wakafika.

Arbia bado alikuwa sakafuni, buibui imelowa damu, hajamwachilia mtoto. Nimo akampangusa uso kwa kiganja, akamnong'oneza:

"Mwalimu, wakikuuliza, sema umeanguka."