Gauni Kutoka Diani

Matuga,
9 Agosti 1998

Baba Mercy,

Pokea salamu, japo huulizi. Mbuzi amezaa mapacha.

Gauni uliloniletea kutoka kwa fundi wa huko Diani lilinibana, nikajua waniambia nimenenepa. Nikaacha tui na mafuta kabisa, nikala mchicha wa kuchemsha. Njaa ikanizidi, nikawa nammalizia Mercy mkate wake. Nesi wa zahanati akacheka: "Rudisha tui kidogo, na njugu. Bila mafuta hushibi, ndiyo maana waparamia mkate." Nikamsikiliza, na nimepungua polepole.

Jana gauni lilinikaa kiunoni sawasawa. Lakini linaishia juu ya magoti, na wewe wajua ninavyokupita urefu. Unene nimeupunguza, urefu siwezi. Niambie, fundi alimpima nani?

Ni mimi mkeo, bado,
Sidi