Hadi Baridi Iishe

2 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimekuachia? Dawa ya kikohozi unakunywa, au unaitazama tu ilivyopangwa rafuni? Mimi ni mzima, ukitoa meno, ambayo yanagongana kutwa kama vyombo kwenye karo.

Baba, huku kuna baridi ya kumsahaulisha mtu jina lake. Hoteli iko mlimani, na wageni wanaifuata baridi hiyohiyo, ila wao wanaifurahia wakiwa mbele ya moto, blanketi magotini, kikombe mkononi. Hayo mablanketi nayafua mimi. Kila jioni napeleka vyumbani chupa kumi na nne za maji ya moto, zimevishwa vifuko vya sufu kama watoto wachanga, naziingiza chini ya shuka moja moja. Nikimaliza, nakwenda zangu kulala chumba cha madobi.

Tuko wanne humo: mimi, Bi Pasi ambaye amenyoosha mashuka ya hoteli hii miaka kumi na mmoja, na dada wawili wa jikoni. Sakafu ni saruji tupu. Kioo cha dirisha kimepasuka, na chini ya mlango pana uwazi ambao paka anapita bila kuinama. Nilimwendea meneja. Tunamwita Bwana Tabasamu, maana hata akikunyima anakuchekea. Unajua alinijibu nini? "Ninyi mnapenda raha mno. Jikunyateni."

Jikunyateni, Baba! Nimejikunyata mpaka nimekuwa mfupi.

Binti yako

9 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Kifua hakijambo, na dawa nakunywa, usinisingizie.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama kwa hasira. Lakini kwanza nikukaripie wewe. Umekulia chini ya meza yangu ukichezea vipande vya vitambaa, leo binti wa fundi makochi ananiandikia kwamba upepo unapita chini ya mlango? Upepo hauna nguvu, mwanangu. Unategemea uzembe wa mwenye nyumba.

Shona kifuko kirefu, upana wa mlango, ukijaze unga wa mbao, ukilaze kizingitini. Ufa wa kioo uzibe kwa kitambaa na gundi. Pazia liwe na bitana, tena lifike chini kabisa; pazia fupi ni sawa na suruali iliyoogopa maji. Sakafu ndiyo adui mkubwa: tandika magunia, moja juu ya jingine, ndipo uweke zulia, hata likiwa la viraka. Nakutumia furushi la mabaki kwa basi la Alhamisi, na sindano nene, na nyundo yangu ndogo. Hiyo nyundo irudi.

Na ole wako nisikie mmeingiza jiko la mkaa mkafunga mlango. Nitakuja kwa miguu kukuchapa. Hewa yake inaua watu waliodhani wanasinzia tu.

Huyo Bwana Tabasamu mwambie baba yako amesema meno hayafunikwi blanketi.

Baba yako

28 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Furushi lilifika salama. Sikumwambia lile neno la meno, bado naihitaji kazi.

Tumeshona siku sita, kila mmoja baada ya zamu yake. Bi Pasi ndiye aliyekata bitana. Mkono wake umenyooka kuliko rula. Zulia limetoka na rangi saba ambazo hazisalimiani, lakini mguu ukiligusa alfajiri haushtuki tena. Taa tumeivika kitambaa cha manjano, na chumba kimekuwa kama tumo ndani ya papai bivu. Dada mmoja wa jikoni alilia. Alisema tangu Mei hajawahi kulala amenyoosha miguu.

Jana Bwana Tabasamu alipita. Alisimama mlangoni, akavua viatu. Baba, alivua viatu! Akalishika pazia, akauliza fundi ni nani. Nikamjibu kifua mbele: nimefundishwa na baba yangu, na anwani yako nikampa. Akapiga picha kila pembe. Nadhani anataka kuwaonyesha wenye hoteli jinsi anavyotutunza. Na asifiwe! Sisi tunalala.

Binti yako

5 Julai

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, na hujambo mara kumi. Leo naandika huku nimeuma uzi.

Juzi gari la hoteli yenu limeshusha hapa majora matatu ya kitambaa cha kijani, kizito, cha aina ambayo mkasi unakiingia kwa heshima. Mapazia ya vyumba kumi na viwili, pamoja na vifuniko vya viti! Meneja wako ameandika kwamba ameona kazi ya mikono yako akaona amtafute aliyekufundisha. Tangu watu waanze kununua makochi ya kiwandani, cherehani yangu ilikuwa imegeuka meza ya kuwekea chai. Sasa inalia kutwa, jirani amekuja kuuliza kuna nini. Nimeshamaliza jozi moja, ya pili nimeikata.

Nimekubeba ukiwa mdogo, sasa wewe ndiye unayenibeba.

Baba yako, fundi mwenye kazi

9 Julai

Baba,

Shikamoo. Hali yangu sitaki kuiandika.

Jumatatu tulirudi kutoka zamu tukakuta nguo zetu nje ya mlango, zimefungwa kwenye shuka kama za marehemu. Ndani, vitanda vinne vimeondoka, kimewekwa kimoja kikubwa. Zulia letu lipo. Pazia letu lipo. Hata kile kifuko cha kizingitini kipo. Mlangoni kimepigiliwa kibao: "Chumba cha Joto la Nyumbani". Wageni wameshakiwekea nafasi chumba hicho hadi mwisho wa Agosti.

Sisi tumepelekwa stoo ya mashine za kukatia majani. Bati juu, bati ubavuni, na harufu kali ya petroli kiasi kwamba tunaogopa hata kuwasha kibiriti. Bi Pasi ana miaka hamsini na minane na analala na koti na kofia.

Nilimfuata Bwana Tabasamu. "Vile vitu ni vyetu," nikamwambia. Akacheka. "Vimepigiliwa kwenye ukuta wa hoteli, kwa hiyo ni vya hoteli. Shukuruni kazi yenu imependwa."

Nami narudi stoo nakuta barua yako. Cherehani inalia! Unamshonea, Baba. Mimi nimefukuzwa kwenye joto nililolishona kwa vidole vyangu, na wewe unamwongezea vyumba kumi na viwili. Wewe ndiye ulinifundisha kwamba anayeiba usingizi wa mtu ni mwizi kama mwizi mwingine. Basi jua usingizi uliomsaidia kuiba ni wangu.

Mlala stoo

13 Julai

Wewe,

Mlala stoo simjui. Mimi nilizaa binti.

Kitambaa kilinifikia kabla ya barua yako. Ningejuaje? Mimi si mganga. Nimefurahi siku kumi tu mwaka huu, nawe umekuja kuzifagia zote kwa karatasi moja.

Unataka nifanyeje? Nikirudisha majora atampa fundi mwingine kabla jua halijazama. Wewe utaendelea kulala stoo, na mimi nitakaa nimekunja mikono. Nani atakuwa amepata joto? Neno langu nimeshalitoa, na fundi asiye na neno ni sindano isiyo na tundu. Nitashona. Atakapokuja kuchukua jozi za kwanza nitamwambia habari zenu, kwa upole, kiutu uzima. Hasira hasara.

Baba yako, utake usitake

27 Julai

Mwanangu,

Siku kumi na nne na hujanijibu. Leo nakusalimu mimi kwanza, ingawa ni kinyume: hujambo? Unalala?

Jana meneja wako alikuja. Nikamkaribisha, akakaa, akazishika zile jozi mbili akazigeuza mbele na nyuma.

"Mzee, kazi safi. Binti yako naye ana kipaji."

"Analala wapi?" nikamuuliza.

"Wafanyakazi wana makazi yao."

"Sijauliza wafanyakazi. Nimeuliza binti yangu analala wapi."

Akacheka. Kweli ana meno mazuri. "Aa, mzee, pale ni pa muda tu."

"Muda gani?"

"Hadi baridi iishe."

Mwanangu, nilikuwa nimeshika mkasi. Niliuweka mezani polepole, kwa sababu nilianza kuuogopa mkono wangu. Hadi baridi iishe! Atawarudishia chumba cha joto jua likishawaka! Na hakuona aibu hata chembe. Alinitazama kama mtu aliyetoa jibu zuri akingoja nimpongeze.

Nilikunja jora la kwanza, nikakunja la pili, nikakunja la tatu. Zile jozi mbili nikaziweka juu yake zikiwa zimepigwa pindo vizuri, maana kitambaa hakikumkosea mtu. Nikavibeba mwenyewe hadi kwenye gari lake, safari tatu, kifua kikikoroma. Dereva alitaka kunisaidia, nikamkataza.

Akaniambia, "Mzee, utajuta."

Nikamwambia, "Nimeshajuta tangu tarehe kumi na tatu."

Hakunielewa. Wewe utanielewa. Nililinda neno langu nikasahau kujiuliza nimempa nani. Nikakuandikia habari za upole, wewe unayelala kwenye petroli. Nisamehe, mwanangu. Nijibu, hata kama ni kwa kunisema.

Baba yako

5 Agosti

Baba yangu,

Shikamoo, tena hii ni ya kupiga magoti.

Sikukujibu kwa sababu kila nikishika kalamu yalikuja maneno mabaya kuliko yale ya kwanza. Barua yako niliwasomea wenzangu kwa sauti. Nilipofika "hadi baridi iishe", Bi Pasi akasimama. Huyu mwanamke hajawahi kupaza sauti hata pasi ikimuunguza. Akavua kofia, akasema, "Twendeni."

Ilikuwa saa saba mchana, wageni wengi wako mezani. Tulikwenda wote wanne hadi kile chumba chetu, nyundo yako mkononi mwangu, tukabisha hodi kama watu waliolelewa. Akafungua mama mmoja mtu mzima, mwalimu mstaafu, miwani puani, miguu mitupu juu ya zulia letu.

"Samahani, mama," Bi Pasi akamwambia, "tumekuja kuchukua pazia letu."

"Mnakwenda kulifua?"

"Hapana, mama. Tunakwenda kulala nalo."

Akatutazama mmoja mmoja. Akauliza, tukamweleza. Alivaa viatu, akataka aonyeshwe stoo. Alikaa mle muda wa kuvuta pumzi mbili, akatoka akikohoa, akaenda moja kwa moja chumba cha chakula. Baba, mwalimu anaweza kustaafu, lakini sauti yake haistaafu.

"Meneja! Umenilaza kwenye chumba cha watu! Wenyewe umewatupa wapi?"

Vijiko vyote vilisimama. Bwana Tabasamu alitabasamu mpaka mashavu yakamtetemeka. Wageni wakainuka kwenda kuona hiyo stoo, mmoja na kitambaa cha mezani kikiwa bado shingoni. Sisi tulikuwa chumbani tunang'oa misumari.

Jioni ile tulirudishiwa chumba. "Kwa hisani yangu," akasema, akatukusanya mbele ya wafanyakazi wote ili tumshukuru. Wenzangu walishukuru. Wana watoto wa kusomesha, siwalaumu hata kidogo. Zamu yangu ilipofika nikamwambia, "Mtu akinirudishia blanketi langu simshukuru. Namuuliza alilichukulia nini."

Asubuhi jina langu halikuwemo kwenye ratiba. Ndiyo hivyo.

Zulia, pazia, kila kitu nimewaachia. Kuna watu wanalala mle. Bi Pasi alinipigia nguo zangu zote pasi, hata soksi. Ndivyo alivyoniaga.

Baba, yale maneno ya tarehe tisa mtoto hamwandikii baba yake. Naomba uyachome. Nimekukosesha kazi, na yangu nimeikosa. Nikija sasa nitakuwa mdomo wa kulishwa tu. Niambie kama ni bora nitafute pengine kwanza.

Binti yako

10 Agosti

Binti yangu,

Marahaba.

"Niambie kama nitafute pengine"! Swali hilo limenikasirisha kuliko Tabasamu na majora yake yote. Nani alikufundisha kuomba ruhusa ya kurudi kwenu? Mimi? Hapana, labda ulijifunzia huko.

Kazi ya maana sina. Wiki nzima nimepata kiti kimoja cha kinyozi, na hicho kimoja kimenishinda. Nikwambie jambo ambalo nimekuficha tangu mwaka jana: tundu la sindano silioni. Yale mapazia ya kijani uzi alikuwa akinitungia jirani, asubuhi kabla hajaenda kazini, sindano kumi kwa mpigo. Nilikuwa najisifu kwako kwa macho ya kuazima.

Kinyozi anataka kiti chake Ijumaa. Godoro lako nimelianika juani tangu asubuhi.

Usiijibu barua hii. Panda basi.

Baba yako